Homa ya Mafua Baada ya Vizuizi vya UVIKO-19




Mwezi Machi 2020, Nyuzilandi, nchi ya visiwa, ilifunga mipaka yake na kuwaamuru wananchi wabaki majumbani ili kuzuia UVIKO-19. Katika kipupwe cha mwaka huo homa ya mafua, ambayo huzuka huko kila mwaka, ilikaribia kutoweka kabisa.

Hata hivyo, maradhi yaliyozuiliwa siyo maradhi yaliyokwisha. Kinga ya mwili hufifia virusi visipopita, na watoto waliozaliwa wakati wa vizuizi walikuwa hawajakutana navyo. Mipaka ilipofunguliwa kwa awamu mwaka 2022, mafua yalirejea mapema kuliko kawaida, na wagonjwa wengi wakalazwa hospitalini.

Vizuizi viliokoa maisha. Funzo lililobaki ni kwamba mlango uliofungwa usifunguliwe bila ya maandalizi. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chanjo ya mafua. Kinga yake hutokana na mama aliyechanjwa akiwa mjamzito. Aidha, inasisitizwa kunawa mikono kwa sabuni, na mtumishi mwenye homa apumzike nyumbani.