Kabla ya Kuezua Paa: Mwenye Nyumba Aanze Wapi?

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu kubadilisha paa na kuchagua vifaa vya kuezekea



Kila masika yanapokaribia, nyumba nyingi za pwani huanza kutafutiwa ndoo na masufuria ya kukingia maji yanayovuja. Kuna makuti yaliyooza na kuna mabati yaliyoliwa na kutu. Paa jipya humaliza akiba ya miaka, na likiharibika mapema familia hubaki bila pesa na bila kinga. Kwa hiyo kazi hii huanza kwa futi na daftari kabla ya nyundo.

Jambo la kwanza ni wakati. Januari na Februari, upepo wa kaskazi unapovuma, mvua huwa chache. Anayeezua mwezi wa Aprili anakaribisha maji kitandani. Hata wakati wa ukavu, turubai liwe karibu.

Jambo la pili ni kukagua mbao. Bati jipya juu ya mbao zilizoliwa na mchwa ni hasara. Fundi azichome mbao kwa bisibisi, na ikizama kwa urahisi, mbao hiyo ibadilishwe. Anayetoka kwenye makuti kwenda kwenye mabati akumbuke kwamba kombamoyo na fito hazikunyooka sawasawa, na bati linahitaji pau zilizo sawa. Pia bati ni jepesi na upepo wa kusi hulinyanyua. Kenchi zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma, maana misumari peke yake haitoshi.

Anayetamani vigae vya saruji apime uzito kwanza. Mita moja ya mraba ya vigae hufikia kilo 40 au zaidi, ilhali bati la geji 30 ni kilo 3 hivi. Ukuta wa udongo uliozoea makuti hauwezi kubeba mzigo huo.

Sasa bati lenyewe. Wanunuzi wengi hudhani geji kubwa ndiyo bati nene. Mambo ni kinyume: kadiri nambari inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Bei ikiwa nafuu kupita kiasi, geji iangaliwe.

Karibu na bahari, chumvi ndiyo adui. Bati lililopakwa zinki pekee huwahi kushika kutu. Lile lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, ambapo alumini ni asilimia 55, hustahimili zaidi. Rangi inayong'aa isimpumbaze mtu. Nyumba njema si mlango. Bati liwe na alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo huhakikiwa kwa simu: mnunuzi huandika SM, alama ya reli, kisha nambari hiyo, na kutuma kwa 20023.

Hesabu ifanyike nyumbani kabla ya kwenda dukani. Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa 8 yenye paa la pande mbili. Ukiongeza nusu mita ya ukingo kila upande, urefu wa paa ni mita 9. Bati likilaliana na jirani yake hufunika kama sentimita 80, kwa hiyo zinahitajika safu 12. Kila safu, kutoka kileleni hadi ukingoni, huchukua mabati mawili ya mita 2 yakilaliana sentimita 20. Hayo ni mabati 24 kila upande, jumla 48, pamoja na kofia za kileleni. Mwenye hesabu yake mkononi hauziwi mabati 60.

Wakati wa kuezeka, misumari ya mabati yenye mpira ipigwe kwenye mgongo wa bati, isipigwe bondeni ambako maji hupita. Bati likatwe kwa mkasi wa bati, kwani cheche za mashine ya kukatia huunguza rangi na hapo ndipo kutu huanzia. Malipo ya fundi yaandikwe na yatolewe kwa awamu, kadiri kazi inavyokwenda.

Kuna paa moja ambalo mwenye nyumba hapaswi kuligusa mwenyewe: asbesto, vile vigae vya kijivu vya zamani. Vikivunjwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo zikivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Isivunjwe, isisuguliwe, wala isigeuzwe banda la kuku. Ofisi ya NEMA iarifiwe kabla ya kazi kuanza, na ibebwe na mwenye leseni.

Mwisho, paa jipya ni kisima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la nyumba ile, lenye eneo la mita 63 za mraba likipimwa kutoka juu, likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,260. Hata baadhi yakipotea, tangi la lita 1,000 hukaribia kujaa kwa mvua moja. Fedha za mifereji na tangi ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Anayetaka kubadilisha umbo la nyumba au kuongeza ghorofa aulize kwanza kuhusu kibali katika ofisi ya mipango ya kaunti. Msimamizi wa wadi atamwelekeza.

Masika yawakute mkiwa pakavu.