Kiwanja Hakiuzwi Siku ya Njaa
Maneno yaliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka, kwa niaba ya wanachama wa Dar es Salaam



Tumeombwa kuzungumzia viwanja: lini kununua, kukaa nacho muda gani, lini kuuza. Tuanze na makosa yetu wenyewe.

Wengi hapa tunakumbuka pantoni ya Ndundu. Enzi hizo tuliuza maeneo ya kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, na baadaye lami ikaunganika hadi Lindi. Waliosubiri ndio waliovuna. Mwaka 2017 hofu ilipotanda Kibiti, baadhi yetu tukauza tena. Hofu ikapita, ardhi haikurudi.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano: tumenunua kiwanja kwa shilingi 4,000,000, na baada ya mwaka mmoja tumekiuza kwa 4,600,000. Tunajisifu kwamba tumepata 600,000. Dalali akichukua asilimia 10 ya bei, hiyo ni 460,000. Zinabaki 140,000. Kodi ya asilimia 10 ya faida inachukua 14,000. Mkononi tuna 126,000. Na kama hatuna nyaraka za gharama zetu, tangu Julai 2023 sheria inaruhusu kodi ya asilimia 3 ya bei ya mauzo, yaani 138,000. Hapo faida ya mwaka mzima ni shilingi 2,000. Nauli ya kutoka Mbagala kuja kuuza haitoshi!

Anayenunua leo na kuuza mwakani amemfanyia kazi dalali. Dalali hulipwa mara moja tu, uuze baada ya mwaka mmoja au kumi. Kwa hiyo fedha ya ada ya shule au ya matibabu isiwekwe kwenye kiwanja. Iwekwe ile tunayoweza kuisahau miaka kadhaa. Na risiti tuzitunze.

Lakini kukaa na kiwanja si kukitelekeza. Kilichopimwa kina kodi ya ardhi kila mwaka, na mara nyingi kina sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Ardhi ya kijiji nayo ina hati ya hakimiliki ya kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Asiye na karatasi anasubiri mgogoro. Tena subira haihamishi maji: bondeni ni kwa mpunga, nyumba tuipandishe juu.

Ndugu zetu, sasa tuseme lililotuleta. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, watu wa kwetu walipoteza mpunga, nyumba na vyakula vya ndani. Mwenye njaa hana miiko; anayekuja na fedha taslimu siku hiyo anataja bei yake. Na wanunuzi hao si wageni peke yao. Sisi wa mjini tumo. Tumenunua eneo la binamu kwa bei ya gunia chache, tukasema tumemsaidia. Kwenye daftari ile ni faida. Kwenye ukoo ni deni.

Kinachomwezesha mtu kusubiri bei nzuri ni akiba ya kuvukia miezi mitatu mibaya. Ujanja peke yake hautoshi. Familia nyingi bondeni na kwenye visiwa vya delta hazina akiba hiyo, na ndiyo maana mchango wa mwaka huu unakwenda sehemu mbili: mfuko wa dharura wa kukopeshana bila riba, na gharama za kupima maeneo na kupata hati.

Tunaomba kila mmoja aliyewahi kupata faida ya ardhi ya nyumbani aanze kuchangia kwa kukumbuka faida ile. Hesabu zote zitasomwa hapa mwakani, shilingi kwa shilingi.