Ukame Ukija, Nani Alipe?

Msikilizaji wa Nyakatuntu unajua ilivyo: upepo wa usiku unaangusha mgomba juu ya waya, nguzo inaanguka, asubuhi mashine ya kusaga haiwaki. Nguzo mpya ni fedha, na fedha hiyo hakuna aliyeipangia bajeti. Nani ailipe?

Ukame nao huleta gharama ya namna hiyo. Mwaka 2011 mabwawa ya umeme yalipungukiwa maji. TANESCO ikategemea mitambo ya dharura inayokunywa mafuta, kisha ikaenda EWURA, mdhibiti wa bei ya umeme, kuomba bei ipande kwa asilimia 155. EWURA ikaruhusu 40.29, Januari 2012. Januari 2014 ikaongeza 39.19. Fundi wa kuchomelea alipigwa mara mbili ndani ya miaka miwili. Mwisho wa 2016 ikaruhusiwa nyongeza ya 8.53, serikali ya Rais Magufuli ikaizuia. Nilifurahi siku ile. Lakini gharama isipolipwa kwenye umeme tunaonunua kwa LUKU haipotei. Inajificha kwenye transfoma iliyochoka na nguzo iliyooza, na wa kijijini ndiye anayelala gizani.

Majirani hufanya vingine. Kenya, bili ya kila mwezi inaonyesha tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni, zinapanda na kushuka. Uganda, mdhibiti hupitia bei kila robo mwaka. Maumivu yapo, ila huja kidogo kidogo, na mtu anaona yametoka wapi.

Nasi tuandikiwe kanuni mapema, wakati mvua bado zinanyesha. Ukame na bei ya mafuta duniani, tuchangie; shirika nalo libebe sehemu yake, maana likijua kila shilingi itarudishwa na mteja, litabana matumizi kwa ajili ya nani? Uzembe na mkataba mbovu visiingie kwenye LUKU hata kidogo. Na hapa sitarudi nyuma: gharama ikishuka, kanuni hiyohiyo iturudishie chetu.

Tusidhani ukame hautuhusu sisi wa Kagera. Kwa miaka mingi tuliwashiwa umeme kutoka Masaka, Uganda, kupitia Kyaka. Sasa kuna kituo cha umeme cha Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, na Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Vyote viwili hutegemea maji ya mto, na ukame tunaujua.

EWURA ikiitisha taftishi ya bei, yaani mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi, tufike, tuulize: mwaka wa ukame, fungu letu ni lipi, la shirika ni lipi, na limeandikwa wapi?