VIBAO VYA MLANGO WA KUTOKEA: TUSIDANGANYWE NA BEI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi



Tumeombwa tuseme juu ya vile vibao vya taa vinavyowekwa juu ya milango ya kutokea wakati wa hatari. Wengine wenu mmecheka mliposikia. Mmesema, tumekuja kusikia habari za mishahara, nasi tunaletewa habari za globu. Basi vumilieni kidogo.

Jambo hili limefika kwetu kwa sababu matajiri wengi wenye majumba ya maduka, hoteli na ofisi wanabadilisha vibao ili wapunguze gharama ya stima. Nia hiyo hatuipingi. Kibao hakilali, kinawaka mchana na usiku, saa 8,760 kwa mwaka. Kibao cha zamani chenye globu mbili za wati 20 hula uniti 350 kwa mwaka. Kibao cha LED cha wati 4 hula uniti 35 tu. Jumba lenye vibao 50 litaokoa zaidi ya uniti 15,000 kila mwaka. Tena ile globu ya zamani huungua baada ya saa 1,000 hivi, yaani wiki sita, na fundi hupanda ngazi upya. LED nzuri hudumu miaka. Huko Marekani sheria ilisema kwamba kibao kilichotengenezwa tangu Januari 1, 2006 kisile zaidi ya wati 5 kwa kila uso. Kwa hiyo tajiri akitaka LED, tumwunge mkono.

Ugomvi wetu uko mahali pengine. Wako wenye mkono wa birika ambao hawaokoi stima kwa taa bora, bali kwa roho ya mfanyakazi.

Katika jumba moja ambalo hatutalitaja, tuliambiwa vibao vyote ni vipya na vyote ni vya LED. Kweli, vilimetameta. Tukamwomba fundi azime swichi kubwa ya ghorofa. Vibao vinane kati ya kumi na viwili vilizimika pale pale. Kumbe vilinunuliwa visivyo na betri, na karani wa manunuzi akatwambia bila haya kwamba chenye betri kina bei. Tena tukagundua kwamba saa mbili usiku swichi ya vibao vyote huzimwa, ati kwa kuwa watu wamekwenda nyumbani. Watu gani? Wafagiaji wamo ndani mpaka saa sita, na askari wa zamu hukesha humo. Hao si watu?

Moto ukishika jumba, stima yaweza kukatika mara moja, na moshi ukijaa hata mtu aliyefanya kazi pale miaka kumi hajui mlango uko upande gani. Duka kubwa lilipoteketea katikati ya Nairobi tarehe 28 Januari 2009, watu zaidi ya 20 walikufa. Hatusemi kibao kimoja kingewaokoa wote. Tunasema kibao ni kwa ajili ya saa kama ile, na kibao kinachozimika pamoja na stima hakina faida siku hiyo.

Basi swali la kwanza kwa muuzaji liwe betri. Marekani hutaka kibao kiwake dakika 90 baada ya stima kukatika. Uingereza mara nyingi hutaka saa tatu. Sisi tunasema saa tatu, nasi tuna sababu. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Hapa kwetu betri hutumika mara kwa mara, na ikiisha huhitaji hata saa 24 kujaa tena. Moto hautangoji ijae. Joto nalo huila betri, hasa kibao kikiwa jikoni au karibu na boila. Tarehe ya kuweka betri iandikwe juu yake kwa rangi, isiwe siri ya ofisi.

Mtaletewa pia vibao visivyotumia stima hata kidogo, vinavyokunywa mwanga na kung'aa gizani. Si uwongo. Bomu lilipolipuka World Trade Center kule New York mwaka 1993, watu waliteremka ngazi katika giza na moshi; baadaye ngazi zikapakwa rangi ya namna hiyo, nayo ilisaidia wengi kuteremka tarehe 11 Septemba 2001. Lakini kibao hicho sharti kishibe mwanga kwanza. Kikiwekwa katika ujia ambao taa zake hujizima zenyewe ili kuokoa stima, kitakuwa na njaa. Tunakipenda kwenye ngazi, kama msaidizi wa kile chenye betri, kisiwe badala yake.

Na maandishi? Wengi wetu tuna wenzetu kazini wasiosoma Kiingereza. Chagueni kile cha kijani chenye picha ya mtu anayekimbilia mlangoni, kazi ya Mjapani Yukio Ota. Hakihitaji shule. Mshale wake utazameni vizuri. Tumeona mmoja ulioelekea stoo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe ndani yake. Basi mjumbe asikubali kuonyeshwa risiti. Aombe stima izimwe kila mwezi kwa kitambo kidogo, na mara moja kwa mwaka kwa muda wote ulioandikwa kwenye kibao, na matokeo yaandikwe katika daftari. Jaribio la mwaka lifanywe siku ambayo jumba halina watu kesho yake, ili betri zipate kujaa.

Kila tawi litwambie siku liliyochagua kabla ya mwisho wa mwezi. Mje na saa, kalamu na tochi moja. Na kabla fundi hajagusa swichi, mtu aende kwanza kutazama kama hakuna aliye ndani ya lifti.