Deni Lishuke kwa Kila Mwezi wa Kazi: Mkopo wa Elimu na Daktari wa Wilaya ya Pembezoni



Naanza na karatasi moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya moja kusini mwa nchi, huko ambako masika yakikolea gari la dawa hulala njiani siku mbili. Tulipangiwa daktari mpya, kijana aliyekuwa ametoka kumaliza mwaka wake wa mafunzo ya vitendo. Mshahara wake wa kwanza ulipoingia, alikuja ofisini na hati ya mshahara aliyokuwa ameichapisha kwenye kibanda cha stendi, akaiweka mezani, akagusa kwa kidole mstari wa Bodi ya Mikopo. "Dokta," akaniuliza, "mwenzangu niliyesoma naye, yule aliyebaki mjini, naye anakatwa hii hii?" Nikamjibu kwamba ndiyo, anakatwa hii hii. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti jeupe, akarudi wodini. Hakulalamika. Baada ya miezi kumi na mmoja akapata uhamisho.

Swali lake ndilo mada yangu. Sikuja kuomba madaktari wasamehewe madeni. Nimekuja kupendekeza kwamba deni ambalo tayari lipo, na ambalo serikali tayari inalikata kila mwezi, lipunguzwe kwa kila mwezi wa kazi uliokwisha kufanyika katika wilaya ngumu, na kwamba upungufu huo uonekane kwenye hati ile ile ya mshahara.

Sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni ya mwaka 2004. Bodi ilianza kazi Julai 2005, ikabebeshwa pia kazi ya kukusanya mikopo iliyotolewa na serikali tangu 1994. Makato yalikuwa 8% ya mshahara hadi marekebisho ya 2016 yalipoyapandisha kuwa 15%. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, na wengi waliokuwa wakidaiwa walipumua. Hatua ile ilikuwa njema, na ilituonyesha kwamba masharti ya mkopo yanaweza kuguswa bila Bodi kuanguka. Lakini 15% yenyewe haijui jiografia. Aliyepo Ilala na aliyepo Liwale wanakatwa sawa.

Tufanye hesabu ya mfano. Daktari mwenye mshahara wa shilingi 1,500,000 anakatwa 225,000 kwa mwezi, yaani 2,700,000 kwa mwaka. Kama anadaiwa 20,000,000, atalipa kwa zaidi ya miaka saba. Miaka hiyo ndiyo anayooa au kuolewa, anayopata watoto, na anayofikiria kurudi chuoni kusomea ubingwa. Kwa aliye mjini, 225,000 inauma. Kwa aliye pembezoni inauma zaidi, kwa sababu mara nyingi ana nyumba mbili: chumba alichopanga karibu na hospitali, na familia aliyoiacha mjini kwa kuwa mwenza wake ana kazi huko au mtoto hana shule ya kueleweka huku. Halafu aliye mjini ana nafasi ya kufanya kazi jioni kwenye zahanati binafsi na kufidia makato. Kule kwetu jioni ya daktari ilikuwa zamu nyingine ya hospitali ile ile, maana madaktari tulikuwa wawili.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na takriban theluthi mbili yetu wanaishi vijijini. Hapo hapo tunao vijana waliohitimu udaktari, wakapata leseni, na wapo nyumbani wanasubiri ajira. Jambo hili linaninyima usingizi kuliko lingine lolote nitakalolisema leo. Kwa hiyo tuwe wakweli tangu mwanzo: punguzo la deni halitamsaidia asiyeajiriwa. Linafanya kazi pale tu ambapo nafasi ya kazi ipo na imelipiwa bajeti. Ni kivutio, na kivutio hakiwezi kusimama mahali pa kibali cha ajira.

Wenzetu wamejaribu. Marekani ina Kikosi cha Taifa cha Huduma za Afya, kilichotokana na sheria ya mwaka 1970. Daktari anayekubali kufanya kazi miaka miwili katika eneo lenye uhaba hulipiwa sehemu ya mkopo wake wa chuo, na maeneo yenyewe hupewa alama: kwa huduma za msingi, kuanzia sifuri hadi 25, kadiri shida inavyozidi. Majimbo yao nayo yana mipango yake, na hapo ndipo utafiti ulipotoa somo ambalo nadhani ni kubwa kwetu. Mwaka 2004 Donald Pathman na wenzake walilinganisha mipango hiyo. Ile iliyomfunga mwanafunzi angali chuoni, kwa mkopo unaofutwa akienda kijijini, ilikamilishwa na chini ya nusu ya waliosaini. Ile iliyomngoja mtu amalize mafunzo, kisha ikamlipia deni akiwa kazini, ilikamilishwa na zaidi ya tisa katika kila kumi.

Sababu yake haina fumbo kwa aliyewahi kufundisha chuo cha tiba. Kijana wa miaka kumi na tisa anayesaini mkataba dirishani, nyuma yake foleni na mbele yake ada, hasaini kuhusu wilaya. Anasaini kuhusu ada. Hajui atapenda upasuaji au watoto, hajui ataoana na nani, hajaona usiku wa zamu. Wa miaka ishirini na saba ameshaona. Akisema ndiyo, anajua anachokisema.

Ipo hoja ya kupinga hapo, na ni nzito. Japani, Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi kilianzishwa mwaka 1972 kwa kazi hiyo hiyo, na kinawafunga wanafunzi tangu siku ya kwanza. Kila mkoa huchagua vijana wachache wa kwake. Wanasomeshwa miaka sita kwa mkopo, kisha wanautumikia mkoa wao miaka tisa, sehemu kubwa ikiwa vijijini na visiwani. Wakimaliza, deni limekwisha, na anayetoroka hulipa lote na riba juu. Zaidi ya 95 katika kila 100 wamekamilisha. Mbona kule kumfunga mtu mapema kumefaulu? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na naona tofauti iko kwenye mlango wa kuingilia. Jichi hawampeleki mtu ugenini. Wanamrudisha kwao. Afrika Kusini, huko Ingwavuma, KwaZulu-Natal, hospitali ya Mosvold ilianza mwaka 1999 kusomesha vijana wa vijiji vyake kwa masharti ya mwaka kwa mwaka: ulichosomeshwa ndicho unachotumikia nyumbani. Mpango ukakua hadi kuwa taasisi ya Umthombo. Mtoto aliyekulia mahali haogopi giza la mahali pale, na mama yake yupo umbali wa bodaboda.

Kwa hiyo nachukua kote. Kwa waliopo kazini leo, punguzo lije baada ya kazi, wala wasisainishwe chochote wakiwa chuoni. Kwa watakaoingia chuoni kesho, anayetoka wilaya ngumu na kufaulu masomo ya sayansi apewe kipaumbele cha mkopo kamili, ili tuwe na wa kumrudisha.

Sasa, wilaya ngumu ni ipi? Hili tusilipuuze, maana ndipo mipango ya namna hii hufia. Kanada ilipoanza kuwafutia madaktari wa familia na wauguzi sehemu ya mikopo yao, mwaka 2012/13, ilihesabu kuwa ya vijijini jamii yenye watu wasiozidi 50,000. Mwaka 2023 ikapunguza kikomo hadi 30,000 na kuongeza kiwango kinachofutwa kwa nusu yake. Australia wana ngazi saba za umbali, na daktari aliyepo kwenye zile mbili za mwisho anafutiwa deni kwa kufanya kazi nusu tu ya muda aliosomea. Ngazi za chini kidogo zinamtaka afanye kazi muda wote aliosomea. Kwetu idadi ya watu haitatosha kuwa kipimo. Makao makuu ya wilaya yanaweza kuwa na lami, benki na shule nzuri, na kilomita 90 mbele, ndani ya wilaya ile ile, kuna kituo cha afya kinachofikika kwa trekta mwezi wa tatu. Alama ziwekwe kwa kituo: saa za kusafiri hadi hospitali ya rufaa wakati wa mvua, idadi ya madaktari waliopo, umeme, maji, nyumba. Wenye takwimu hizo ni waganga wakuu wa wilaya, na wengi wao wamo humu ukumbini.

Kituo chenye alama za juu, makato ya Bodi yasimame kabisa na kila mwezi wa kazi uhesabike kuwa rejesho lililolipwa. Cha kati, nusu. Kwa yule wa mfano wetu, mwaka mmoja kwenye kituo kigumu ungemwachia mfukoni shilingi 2,700,000 na deni lake likashuka kwa kiasi hicho hicho. Akiondoka baada ya miezi kumi na minne, ameondoka na miezi yake kumi na minne. Hakuna faini, hakuna kushikiliwa cheti. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona vyeti vikishikiliwa, na nimeona mtu aliyebaki kwa kulazimishwa akiwahudumia wagonjwa.

Fedha zitatoka wapi? Marejesho ya leo ndiyo mkopo wa mwanafunzi wa kesho, hivyo Bodi haiwezi kuachiwa pengo. Hazina iilipe Bodi kile ambacho daktari hakukatwa. Madaktari 500 wa mfano wetu ni shilingi 1,350,000,000 kwa mwaka. Ni fedha nyingi. Lakini kila halmashauri humu inajua gharama ya kumpangia mtu kituo, kumlipa fedha za kujikimu, kumpoteza ndani ya mwaka, na kuanza upya. Na hospitali za mashirika ya dini zilizobeba vijiji vyetu kwa miongo mingi, Haydom, Ndanda, Peramiho, Nyangao na nyinginezo, daktari wake ahesabiwe sawa na wa serikali, kwa kuwa mgonjwa hachagui mwajiri. Tabibu na muuguzi nao wasisahaulike: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kuwakopesha wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo, na ndio wanaokaa vijijini kuliko sisi.

Narudi kwa yule kijana, maana sijasema yote. Siku moja kabla ya kuomba uhamisho, tulimpokea saa nane za usiku mama aliyekuwa na uchungu kwa siku mbili, ameletwa kwa pikipiki, katikati ya ndugu yake na dereva. Umeme ulikuwa umekatika na dizeli ya jenereta ilikuwa imekwisha. Kijana alifanya upasuaji kwa mwanga wa simu tatu, moja ameishika mhudumu aliyekuwa ameitwa kutoka getini. Mama alipona na mtoto alilia. Kulipokucha nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha nyumba tuliyompa, ile yenye popo darini, viatu bado vina damu. Akaniambia, "Dokta, siwezi kulifanya hili peke yangu mara ya pili."

Hakutaja mkopo. Ningekuwa mwongo kama ningewaambia leo kwamba shilingi 225,000 zingembakiza. Zingembakiza pamoja na dizeli, pamoja na dari, pamoja na daktari wa pili kwenye zamu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2010 na ule wa 2021, linaweka motisha ya fedha pamoja na mafunzo, kanuni na mazingira ya kazi, na halishauri kuitenga peke yake. Zambia ilipoanzisha mpango wa kubakiza madaktari vijijini mwaka 2003, kwa msaada wa Uholanzi, iliweka ndani ya mkataba wa miaka mitatu posho, msaada wa ada za shule za watoto na fedha za kukarabati nyumba.

Ndiyo maana napendekeza mkataba wenye pande mbili. Daktari aahidi kituo. Halmashauri iahidi nyumba inayokalika, mafuta ya jenereta, na mwenzake wa zamu. Mwezi ambao halmashauri haikutimiza, daktari ahesabiwe miezi miwili kwenye deni lake, na akitaka kuhama asizuiwe.

Fomu ya mkataba huo nimeichora, ukurasa mmoja, mtaikuta nyuma ya mada hii. Inajazwa kila mwisho wa mwezi na ina nafasi mbili za sahihi, ya daktari na ya mkurugenzi wa halmashauri. Makundi yatakapokaa mchana, naomba muanze na ile nafasi ya mkurugenzi: aandike nini kabla ya kusaini, na nani aende kuhakiki kwamba dizeli ipo.