Huruma ya Rais na Mipaka Yake

Huenda mzee wa Nyalenda au mvuvi wa Dunga akawa na mwanawe katika gereza la Kodiaga. Sikukuu ikikaribia, kama ile ya Madaraka iliyoadhimishwa katika uwanja wa Mamboleo tarehe 1 Juni 2021, moyo wake huanza kutumaini ya kuwa Rais atasema neno moja tu na lango litafunguliwa. Tumaini hilo si baya, lakini yafaa mzee huyo ajue jinsi neno hilo linavyopatikana.

Zamani, katika utawala wa Kiingereza, mamlaka ya kusamehe yalikuwa ya Mfalme, na Gavana aliyatumia kwa niaba yake. Siku hizi yamo katika kifungu cha 133 cha Katiba ya mwaka 2010. Rais aweza kumsamehe mfungwa kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuipunguza, au kuibadili iwe nyepesi. Lakini hafanyi hivyo kwa kupenda kwake tu. Sharti kwanza yaletwe maombi, na mtu ye yote aweza kuyaleta, hata mama mzazi. Kisha iko Kamati ya Ushauri, ambamo wamo Mwanasheria Mkuu, Waziri anayesimamia magereza, na watu wengine wasiopungua watano ambao si watumishi wa serikali. Rais hutenda kwa kufuata ushauri wao. Basi amwendeaye mkubwa fulani ili akamnong'oneze Rais apoteza nauli yake bure.

Tena, husamehewa aliyekwisha hukumiwa. Kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa nyavu, naye yungali rumande akingoja kesi, hana la kuomba kwa Rais. Shauri lake li mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na mahakama. Wala deni la mtumbwi halimo katika msamaha huo.

Yanayowadanganya wengi ni hesabu kubwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwaondolea hukumu ya kifo wafungwa zaidi ya 4,000, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawaondolea 2,747. Asikiaye habari kama hizo katika redio aweza kuchinja jogoo akimngojea nduguye. Kumbe hukumu ya kifo ilibadilishwa tu kuwa kifungo cha maisha, na lango halikufunguliwa.

Kuna na upande usiotajwa sana. Kamati yaweza kuyafikiri maoni ya waliodhulumiwa. Mjane ambaye mumewe aliuawa ana neno lake, nalo laweza kuwekwa juu ya meza ile ile penye barua ya mama wa mfungwa.