Akiba ya Fedha kwa Mbwa Augapo Ghafula

Mbwa alindaye boma hapewi mshahara, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa hana gharama. Gharama yake huja siku moja, tena mara nyingi huja usiku. Mbwa hukanyaga kifutu penye nyasi, au hula chambo cha sumu ya panya, na mwenyewe huanza kubisha milango ya jirani akitafuta fedha. Pengine mwisho wake ni mbuzi kuuzwa alfajiri kwa hasara, au mbwa kufa kabla ya mashauri ya fedha kwisha.

Ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa mwaka 1978, waonyesha jambo hili vizuri. Huwapata zaidi watoto wa mbwa. Mtoto hukataa chakula, hutapika, kisha huharisha damu. Hakuna dawa ya kawaida iuayo virusi hivyo. Daktari humtia maji mshipani, siku baada ya siku, mpaka mwili ujitetee wenyewe. Hapo ndipo bei ipandapo, kwa maana kinacholipiwa si sindano moja, bali ni siku kadhaa za uangalizi. Chanjo yake, ianzwayo mtoto afikishapo majuma sita hadi manane na kurudiwa baadaye, ni nafuu kuliko matibabu hayo.

Kwa hiyo akiba ya kwanza ni chanjo. Ile ya kichaa cha mbwa isikosekane kabisa: dalili zikisha kuonekana, ugonjwa huo huua karibu daima, mbwa na mtu pia, na hapo fedha haina kazi.

Akiba ya pili ni shilingi zenyewe. Shilingi 200 kila mwezi ni 2,400 kwa mwaka. Hazitatosha kupasua na kuunga mfupa, lakini zaweza kusaidia kuanza matibabu, na saa za kwanza ndizo zenye thamani. Wengine huweka Benki ya Posta, iliyoanzishwa mwaka 1910. Wengine hutumia M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Popote ziwekwapo, zitengwe mbali na fedha za karo. Zikichanganywa, karo itazila, wala hakuna atakayemlaumu baba wa watoto.

Yafaa pia kuuliza bei kabla ya msiba: daktari atoza nini kwa safari, na nini usiku au Jumapili? Je, atapokea malipo kwa mafungu? Sheria ya mwaka 2011 yataka madaktari wa mifugo nchini Kenya waandikishwe. Basi si utovu wa adabu kumwomba mtu aonyeshe cheti chake.

Liko neno moja ambalo watu hawapendi kulitaja. Mnyama asiyeweza kupona hulazwa kwa sindano asiteseke, na sindano hiyo nayo hulipiwa. Wazee wa nyumba na wakubaliane mapema ni kiasi gani kitatumika, na ni nani atakayetoa neno la mwisho, watoto wakiwa hawajaanza kulia mlangoni.